Nywele, jasho na mchango: kuanza mazoezi na wenzako wa ploti, Nairobi

Ukimuuliza msichana wa Nairobi kwa nini ameacha mazoezi, atakuambia hana muda. Mkizoeana atakuambia ukweli: ni nywele. Amekaa kwenye kiti cha msusi tangu asubuhi hadi jua linaelekea kuzama, mistari imenyooka, pesa zimeenda, halafu mtu anamwambia aamke alfajiri akaruke kamba. Atakataa, na simlaumu.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kichwa. Ukishajua jinsi ya kutoka jasho bila kuharibu nywele, sababu kubwa ya kubaki kitandani imeisha. Mazoezi yenyewe si magumu kupanga. Kinachobaki ni watu wa kuamka nao, majirani wa ploti yako, yaani jengo moja la kupanga, na kwa hilo chama cha kuchangiana pesa ndicho dawa.

Hatua ya 1: Suka ukijua utatoka jasho

Kabla hujatoka nyumbani, amua kichwa hicho kitakaa wiki ngapi. Sita zinatosha, nane ndio mwisho. Zaidi ya hapo nywele zimeota, mshono umelegea, na uzito wote wa rasta, yaani nywele za bandia ulizosukiwa, unaning'inia kwenye nywele chache za chini. Chagua matuta ya kurudi nyuma au rasta za ukubwa wa kati zisizopita mgongo. Za kufika kiunoni zinapendeza sana, ila zikilowa ni nzito na shina lake halikauki siku hiyo.

Ukienda Soko la Kenyatta, lile lililo karibu na Hospitali ya Kenyatta, utapokewa na sauti kumi kwa mpigo: "Sista, kuja tukusuke!" Usikae bado. Kubaliana bei ukiwa umesimama, na uulize kama rasta ziko ndani ya bei hiyo au unajinunulia. Uliza pia watakaokusuka ni wangapi. Wakiwa wawili au watatu utamaliza mapema, lakini kila mmoja ana mkono wake. Wa kulia anaweza kuwa na mkono mwepesi na wa kushoto akawa anavuta kama anafunga gunia. Baada ya mistari miwili mitatu kila upande, gusa kwa vidole na ulinganishe. Upande ukikaza, sema hapo hapo: "Sista, hapa mbele usinivute, nywele zangu ni laini." Msusi mzuri hakasiriki. Atafungua aanze upya.

Usikubali kuambiwa kwamba kichwa kipya lazima kiume na kwamba umeze tu dawa ya maumivu ulale. Ukishindwa kuinua nyusi, au ukiona vipele vidogo vimetokea kwenye mstari wa paji la uso, hizo nywele zinang'olewa taratibu. Zikivutwa hivyo kichwa baada ya kichwa, mizizi inachoka na ngozi inapata kovu, na penye kovu nywele hazioti tena. Ukiwahi mapema zinarudi. Ukiona ukingo unarudi nyuma, pumzisha kichwa miezi kadhaa, na usipoona mabadiliko muone daktari wa ngozi.

Mwisho wa kusuka huwa kuna maji moto ya kuchovya ncha za rasta. Omba taulo nene mgongoni na mabegani kabla sufuria haijasogea, na laza kichwa nyuma. Wapo waliobabuka mgongo kwa kuona aibu kuomba taulo.

Siku mbili za kwanza usizibane rasta juu wala usiruke kamba. Tembea tu. Lala na kofia ya satini.

Hatua ya 2: Kichwa baada ya jasho

Chumvi ya jasho ikikaukia kichwani inawasha, inakausha nywele, na ikichanganyika na mafuta mazito inaleta mba. Wengi wetu tukiwashwa tunaongeza mafuta. Hapo ndipo shida inapozaliwa, kwa sababu mafuta juu ya uchafu yanaufungia tu ndani.

Kabla ya mazoezi, funga kitambaa chepesi cha pamba kwenye paji la uso, kilegee kidogo. Kazi yake ni kunywa jasho lisishuke machoni. Kulaza nywele si kazi yake. Ukimaliza, kifungue mara moja, achilia rasta, simama penye upepo dakika chache. Lowesha kitambaa safi kwa maji, kikamue sana, kisha pitisha ncha ya kidole kilichofunikwa na kitambaa hicho katikati ya mistari, kuanzia mbele kwenda kisogoni. Kisha acha kichwa kikauke. Usivae kofia ya satini wala wigi juu ya kichwa kibichi, maana harufu ile ambayo watu wanaiona aibu kuitaja huanzia hapo.

Kuosha kwenyewe fanya kila wiki mbili ukiwa umesuka, au kila wiki kama unatoka jasho sana. Haihitaji saluni wala bomba linalotiririka, na hilo ni muhimu kwa sisi tunaoishi kwa mitungi ya lita 20. Chukua chupa ya plastiki yenye mdomo mwembamba. Tia shampuu kidogo ndani, jaza maji, tikisa. Inama juu ya beseni, nyunyiza katikati ya mistari, kisha bonyeza kwa nyama za vidole ukizungusha polepole. Kucha zinachana ngozi, na kusugua mbele na nyuma kunafumua mistari. Povu likishuka lenyewe kwenye rasta linatosha kuzisafisha. Suuza mpaka maji yatoke safi. Mtungi mmoja unatosha na unabaki.

Angalia maji yako. Kwenye mitaa inayotegemea visima vya kuchimbwa, maji huwa ya chumvi: sabuni haitoi povu na nywele zinabaki ngumu kama za brashi. Suuza ya mwisho tumia maji ya mfereji, au ya mvua kama ni msimu. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba zinatosha kujaza ndoo ukitega vizuri, ila yaache ya kwanza yapite kwanza yaoshe mabati.

Kausha kwa fulana kuukuu ya pamba ukikandamiza, usisugue. Osha asubuhi au mchana wa siku yenye jua, kamwe si usiku wa Julai. Kichwa kikikauka kabisa, matone machache ya mafuta ya nazi au ya mbarika kwenye ncha na ukingoni yanatosha.

Mwenye nywele zake bila kusuka, funga matuta mawili ya mazoezi unayofumua Jumamosi. Mwenye nywele za dawa ya kulainisha, jasho na dawa mpya havipatani. Ukishaweka dawa pumzika siku kadhaa, ngozi ya kichwa isiunguzwe mara mbili.

Hatua ya 3: Ngozi

Hapa ni kwa ufupi. Nawa uso ukimaliza tu mazoezi, usingoje kufika kazini. Paka losheni ya kuzuia jua yenye SPF 30 au zaidi usoni, masikioni na shingoni kila siku, hata zile siku za Juni na Julai ambazo jua halionekani kabisa. Nairobi iko karibu na ikweta na zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na miale inayochoma ngozi inapenya mawingu. Ukikaa nje, paka tena kila baada ya saa mbili. Ngozi nyeusi inalindwa kiasi na rangi yake, lakini madoa ya chunusi yanakolezwa na jua, na hapo ndipo wengi hukimbilia krimu za kujichubua.

Tafadhali, usizikimbilie. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni kwa sababu zebaki inadhuru figo, na ngozi iliyochubuliwa haina tena kinga yake. Bado zinauzwa chini ya meza mjini. Kabla ya kununua krimu yoyote, tafuta alama ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, na namba ya kibali iliyo chini yake, kisha tuma ujumbe wenye herufi SM, alama ya #, na namba hiyo kwenda 20023. Jibu litakuonyesha kibali ni cha bidhaa gani na cha nani. Likitaja kitu kingine, rudisha mkebe kwenye rafu.

Hatua ya 4: Mahali na saa

Jua la Nairobi huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, likipishana kama robo saa tu. Kabla ya hapo ni giza, na mimi sitamwambia msichana yeyote akimbie peke yake barabarani gizani. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya wanawake waliandamana katika jiji hili kulilia wanawake wenzao waliouawa. Tunajua tunachoogopa, na woga huo una haki yake. Panga mazoezi kwa kuuzingatia.

Ndiyo maana napenda paa la gorofa. Karibu kila ploti ya Umoja, Pipeline, Zimmerman au Roysambu ina paa la kuanikia nguo, na saa kumi na mbili alfajiri halina mtu. Muone keteka, yaani mwangalizi wa jengo, mapema, kwa heshima, ukiwa na mwenzako mmoja. Mwambie mnahitaji mlango wa juu ufunguliwe siku tatu kwa wiki, mtamaliza kabla ya watu kuanza kuanika, na mtaacha mahali safi. Kisha panda mwangalie: kuna ukuta wa kuzuia mtu asianguke? Kamba za nguo ziko kwenye usawa wa shingo? Sakafu ina utelezi penye tangi linalovuja? Kama hakuna ukuta, msifanyie hapo, hata kama keteka amekubali. Kumbukeni pia kwamba chini yenu kuna watu wamelala. Kuruka kamba kungoje Jumamosi mchana. Alfajiri ni mazoezi ya kimya.

Jumamosi tokeni. Bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, iko karibu na mjini na njia zake ni fupi, nzuri kwa anayeanza. Msitu wa Karura ni mkubwa, zaidi ya hekta 1,000, na una njia za kutembea saa nzima bila kurudia. Mnapoingia pale mkumbuke kwamba Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa hadi akavuja damu kichwani kwenye lango la msitu huo akiwazuia wanyakuzi wa ardhi. Miaka mitano baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Tunapumua hewa aliyoipigania mwanamke.

Kanuni za njiani ni chache na hazina mjadala. Ukivaa visikizi, sikio moja liwe wazi. Mtu mmoja asiye kwenye msafara ajue mnapita wapi na mnarudi saa ngapi. Hakuna anayeachwa steji peke yake: mnangoja apande matatu, na akifika nyumbani anaandika "nimefika". Wekeni namba 1195 kwenye simu, ni ya bure na inapokea taarifa za ukatili wa kijinsia saa zote.

Hatua ya 5: Mazoezi yenyewe

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na siku mbili za kuimarisha misuli. Gawanya hivi: asubuhi tatu za nusu saa paani, na saa moja ya kutembea kwa kasi Jumamosi. Hizo ni 150 tayari.

Asubuhi ya paani anza na dakika tano za kuzungusha mabega, kiuno na vifundo vya miguu. Kisha kuchuchumaa na kuinuka mara kumi, pushapu kumi mkiegemea ukuta, planki sekunde ishirini, kupanda na kushuka ngazi ya mwisho dakika mbili. Pumzikeni dakika moja, rudieni. Mizunguko mitatu inatosha wiki za mwanzo. Wiki ya tano pushapu zishuke kutoka ukutani hadi sakafuni, na mnaweza kuinua mitungi ya lita tano iliyojaa maji. Kipimo cha kasi ni mazungumzo: uwe unaweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Aliyehamia juzi kutoka Mombasa au Kilifi atahema kuliko wengine kwa sababu ya mwinuko. Mpeni wiki chache.

Siku za hedhi si lazima ukose. Kutembea na kujinyoosha kunapunguza maumivu kwa wengi, na ukijisikia vibaya unalala bila kuomba radhi. Ukichoka kila mwezi kupita kiasi, pima damu. Kula mboga za managu na terere, na ndengu, kwa wingi, na chai ya maziwa isogee saa moja mbali na chakula, maana chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma. Aliyejifungua karibuni angoje ruhusa ya kliniki.

Raba nunua soko la Toi au Gikomba. Ukiwahi bale la mitumba likifunguliwa utapata kamera, yaani vile bora, ukichelewa utachagua kwenye fagia, yaani masalio. Kunja kiatu: kipinde penye vidole. Kikipinda katikati, kimekwisha. Bonyeza soli ya kisigino kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kama ubao iache. Chungulia gundi pembeni. Jaribu vyote viwili ukiwa na soksi, ubaki na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Kitu kimoja ambacho singenunua mtumba ni sidiria ya michezo, kwa sababu mpira wake ukishachoka haishikilii chochote.

Hatua ya 6: Watu

Anza na wanne. Usitengeneze kundi la WhatsApp la watu thelathini, litajaa sala za asubuhi na matangazo ya viatu, na paani mtakuwa wawili. Wanne wa ploti moja wanaoweza kugongeana mlango wanatosha. Aliye ghorofa ya kwanza anagonga wa pili, wa pili anagonga wa tatu, mpaka juu. Ni vigumu sana kumwambia jirani aliyesimama mlangoni na raba kwamba huji.

Jiwekeeni sheria mbili tangu mwanzo. Ya kwanza, hakuna kuzungumzia mwili wa mtu. "Umenona", "umekonda", "hiyo tumbo vipi" zibaki chini. Mizani pia isipande. Ya pili, hakuna picha ya mtu kwenda popote kabla ya yeye mwenyewe kuikubali. Nimeona wanawake wakijificha nyuma ya tangi la maji kila simu ikitolewa, halafu wakaacha kuja kabisa.

Anayefanya kazi ya usiku asihesabiwe mvivu. Mwenye mtoto mdogo aje naye, alale kwenye leso pembeni, na mpokezane kumwangalia.

Hatua ya 7: Mchango

Mkifika wanane, anzisheni mzunguko wa pesa za nywele. Tuseme kila mmoja anatoa shilingi 250 kila Jumapili. Hizo ni 2,000, anapewa mmoja. Baada ya wiki nane kila mtu amepata zamu yake na mzunguko unaanza upya. Angalia jinsi hesabu inavyolingana: zamu yako inarudi kila baada ya wiki nane, ndio muda ule ule ambao rasta zinapaswa kufumuliwa. Hakuna tena anayebaki na kichwa cha miezi minne kwa sababu ya kukosa pesa. Rekebisheni kiasi kulingana na bei za mtaa wenu na uwezo wa anayepata kidogo zaidi kati yenu.

Panga zamu kwa kura, mbele ya wote. Pesa zitumwe kwa M-Pesa moja kwa moja kwa mwenye zamu, zisipitie mkononi mwa mtu, na mweka hazina aandike tu kwenye daftari nani ametuma. Anayechelewesha mchango atozwe faini ndogo. Anayekosa mazoezi asitozwe chochote. Vyama vingine hutoza, na nadhani ni makosa: mtu akishadaiwa faini tatu za kulala, anaona haya kuja na ya nne, mwishowe anapotea na mchango wake pia.

Jumapili ya mchango iwe pia ya kusukana. Daima yupo mmoja mwenye mkono mzuri. Mlipeni, hata kama ni jirani, hata kama anasema "achana nayo, dada". Kazi yake ni saa nyingi za kusimama. Wengine wanafumua vichwa vya zamani, mmoja anapika githeri, maji ya kuosha yanachemka.

Mkitaka kwenda mbali zaidi, kufungua akaunti ya benki au kuomba mkopo wa Hazina ya Wanawake iliyoanzishwa mwaka 2007, mtahitaji kusajiliwa. Sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi. Andikeni katiba fupi, kumbukumbu za kikao na orodha ya majina yenye namba za vitambulisho na sahihi, kisha mwende ofisi ya maendeleo ya jamii ya eneo lenu. Hakuna haraka. Kaeni pamoja miezi sita kwanza, mjuane kwenye shilingi 250 kabla ya kujuana kwenye mkopo.

Kwa wanaopenda kulenga kitu, mbio za marathoni za Standard Chartered zimekuwepo Nairobi tangu 2003, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, na zina umbali mfupi pia. Kwa mliotembea Jumamosi zote, kilomita 10 mtaziweza mkianza Julai: wiki za kwanza kimbieni dakika moja na mtembee mbili, kisha mgeuze polepole mpaka mkimbie nusu saa mfululizo. Na mwenye zamu ya pesa karibu na siku ya mbio asuke wiki moja kabla, matuta ya kurudi nyuma, ili kichwa kiwe kimeshatulia.